Daftari la Rambirambi Lipo, la Makaburi Liko Wapi?

Hapa Mabatini, Mwanza, ukifiwa, majirani wakishafika, kinachofuata ni daftari. Turubai bado linafungwa kamba, viti vya plastiki bado vinashushwa, na tayari mtu mmoja anayeaminika ameketi penye meza ndogo, kalamu mkononi. Baba Fulani, elfu mbili. Mama Fulani wa kule juu kwenye mawe, elfu tano. Kikundi cha kina mama, elfu hamsini na mchele kilo kumi. Hakuna anayesahaulika. Miaka mitano baadaye, ukifiwa wewe, daftari lile hufunguliwa na kila mtu anajulikana alitoa nini.

Siku ya tatu turubai limeshushwa, wageni wamepanda mabasi, daftari limefungiwa kabatini. Sasa uliza swali jepesi: marehemu amelala wapi? Utaonyeshwa kwa kidole. Pale, karibu na mwembe, mstari wa nne au wa tano kutoka njiani. Mwembe ukikatwa, kaburi limepotea.

Hoja yetu iko hapo. Watu wa Mwanza ni hodari wa kuandika. Tunaandika mchango wa shilingi elfu moja, tunaandika deni la dukani, tunaandika zamu ya maji. Jina la mtu wetu aliyekufa, na mahali alipolala, tunaviachia msalaba wa mbao, na mbao ina mchwa. Msalaba wa chuma nao una adui yake, yule anayeung'oa usiku akauuze kwa kilo kama chuma chakavu.

Mabatini yenyewe si mahali pa kuchimba kaburi. Nyumba zimeushikilia mlima wa mawe, njia ni ngazi za mawe, na bondeni Mto Mirongo unangoja mvua kubwa ili uingie majumbani. Jeneza hushushwa mabegani mpaka barabarani kwa sababu gari halipandi. Hapo msiba hugawanyika njia mbili. Wenye uwezo husafirisha: Tarime, Bunda, Muleba, Kwimba, au kwa meli kwenda Ukerewe. Wasio na uwezo huzika mjini, pamoja na wale ambao hawana kwao kwingine.

Hawa wa mwisho wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 706,453 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazofanya mji wetu. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.1. Wapo wazee Mabatini waliokuja vijana kutafuta kazi viwandani na sokoni, na wapo wajukuu wao ambao wakiulizwa kwao ni wapi hujibu: Mabatini. Wajukuu hao hawatasafirishwa popote. Mji unaopokea watu namna hiyo lazima ujue utawalaza wapi, na lazima ukumbuke umewalaza wapi.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kaya. Katika desturi ya Kisukuma mwenye mji alizikwa ndani ya mji wake, na mji kwa Msukuma ni kaya yake: nyumba, zizi na shamba. Wafu hawakwenda mbali. Waligeuka masamva, mizimu ya ukoo, na mizimu inayotambikiwa haiwezi kusahauliwa ilipolazwa. Babu alimshika mjukuu mkono akamwonyesha: hapa ni baba yangu, pale ni shangazi yako. Hilo lilikuwa daftari tosha, maadamu ardhi ilibaki mikononi mwa ukoo. Mjini kiwanja kimoja huuzwa mara tatu kabla mjukuu hajajua kusoma. Anayenunua hajui kuna nini chini ya karo la kufulia, na aliyeuza hana haja ya kumwambia, maana bei itashuka.

Basi kaya imeacha kazi ile, na hakuna aliyeipokea rasmi. Gharama yake tunaijua, kwa kuwa mkoa huu umelipa mara mbili, na mara zote mbili tulilipia kitu kilekile: orodha ya majina iliyokosekana.

Jumanne ya Mei 21, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo. Ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, na kwa orodha hiyo peke yake meli ilikwisha kupita kiwango. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokuwa kule chini na juu ya mikungu ya ndizi walikuwa ni watu, nauli walilipa, ila hakuna aliyewaandika. Kwa sababu hiyo, mpaka leo idadi ya waliokufa husemwa kwa makisio: mia nane na zaidi, wengine husema elfu. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na taifa likawalilia watu ambao halikuwa na hesabu yao.

Miili iliyopatikana na kutambuliwa ilichukuliwa na ndugu. Mingine ilizikwa Igoma, kwenye barabara ileile ya Musoma inayopita Mabatini. Mingine haikutoka ziwani kabisa. Ukitoka hapa na daladala, ukapita Buzuruga na Nyakato, unafika kwenye makaburi yale kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako wa kiti. Kila Mei 21 viongozi wa dini na serikali hukusanyika pale, sala husomwa, maua huwekwa, ndugu hulia. Ni jambo jema na lisikome. Mwaka 2026 ndio wa 30 tangu siku ile.

Lakini mtazame mama aliyempoteza mwanawe wa daraja la tatu. Mwanawe hakuandikwa akiingia melini, na hakuandikwa akiingia kaburini. Mama anasimama Igoma mbele ya safu za makaburi, akisali kwa kukisia kama ambavyo taifa lilihesabu kwa kukisia. Daraja la tatu limemfuata mtoto wake mpaka udongoni.

Tungekuwa tumejifunza, Ukara isingetokea. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitoka Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe. Siku za kwanza hakuna aliyeweza kusema kivuko kilibeba watu wangapi, kwa kuwa aliyekata tiketi alizama na mashine yake ikazama naye. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na bado majina ya abiria yalikuwa yanasafiri katika chombo kimoja na abiria wenyewe. Septemba 23 mazishi ya pamoja yalifanyika Bwisya, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwapo, na mahali pale pakajengewa kumbukumbu.

Ukara walifanya vizuri kuliko Igoma katika jambo moja: walikuwa kisiwa kidogo, watu wanajuana, na wengi wa waliokufa walitambuliwa kwa majina. Wanakijiji wenyewe walikuwa daftari. Jiji la watu zaidi ya milioni haliwezi kutegemea bahati hiyo.

Mtu atasema haya ni mambo ya ajali, siku zisizo za kawaida. Turudi nyuma zaidi, kwenye siku za kawaida za pwani hii. Kageye, ufukweni mwa Ghuba ya Speke, mashariki ya mji wa Mwanza, ndipo Henry Morton Stanley alipopiga kambi mwaka 1875 kabla ya kulizunguka ziwa kwa mashua. Alimwacha kambini msaidizi wake Mwingereza, Frederick Barker. Aliporudi alikuta Barker amekufa na amezikwa. Miaka miwili baadaye, 1877, maradhi yalimuua hapohapo Kageye daktari John Smith wa msafara wa kwanza wa wamisionari wa Kianglikana waliokuwa wakielekea Buganda. Wazungu hao wawili wana majina, wana mwaka, wana mahali.

Na wapagazi? Msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300. Waliofika Kageye Februari 1875 hawakufika 200. Wengine walitoroka, na walikuwa na haki ya kutoroka. Wengine walikufa njiani na ufukweni kwa njaa, maradhi na mapigano. Walikuwa Waungwana wa Unguja, Wanyamwezi, watu wa bara, ndio waliobeba mashua ile vipande vipande mabegani kutoka pwani mpaka ziwani. Hao ndio daraja la tatu la mwaka 1875. Mgeni akienda leo Kageye huonyeshwa Wazungu wamelala wapi. Wapagazi hawana wa kuwaonyesha.

Mfano mwingine ni wa Alexander Mackay, fundi na mmisionari Mskoti aliyechapisha vitabu vya kwanza vya Kiganda. Alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa hili, akafa huko Februari 8, 1890. Mwaka 1927, miaka 37 baadaye, mifupa yake ilifukuliwa ikahamishiwa Namirembe, Kampala, kwenye kanisa kuu. Iliwezekana kwa sababu kaburi lilikuwa na alama na kulikuwa na watu walioandika lilipo. Kanisa lake lilimtafuta likamkuta. Tujiulize nani Mabatini, aliyezikwa miaka 37 iliyopita, tunaweza kumkuta leo tukimtafuta.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kutunza makaburi ni anasa ya Wazungu au ya matajiri. Afrika Mashariki ndiyo mwalimu wa kazi hii. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watafiti walifukua mifupa ya mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wamempa jina la Mtoto. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na namna kichwa kilivyokaa inaonyesha aliwekewa kitu cha kulalia mfano wa mto, kitu ambacho kimeoza zamani. Taarifa ilitoka mwaka 2021, na ndilo kaburi la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yaliyokwisha kuonekana barani Afrika. Kabla ya kilimo, kabla ya chuma, kabla ya ng'ombe, mzazi wa pwani alimtandikia mwanawe aliyekufa.

Panda mpaka Turkana. Lothagam Kaskazini, kando ya ziwa lile, wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita walichimba shimo kubwa, wakazika humo watu wanaokadiriwa kufika 580 katika karne kadhaa, kisha wakasimamisha nguzo za mawe juu yake. Watafiti walipochambua mifupa walikuta wazee, vijana, wanawake na watoto wachanga wamechanganyika, na karibu kila mmoja amevishwa mapambo yake: shanga za mawe ya rangi na maganda ya mayai ya mbuni. Hawakuona dalili ya wakubwa waliotengwa na wadogo. Wafugaji wale hawakuwa na maandishi. Walikuwa na adabu ya kumhesabu kila mtu. Sisi tuna maandishi, tuna simu zinazoonyesha mahali tuliposimama mpaka mita chache, na tuna daraja la tatu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda, bila mtu kuomba, majengo na makaburi ya kabla ya mwaka 1863. Ndiyo maana makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi yana mlinzi katika sheria. Barker alikufa mwaka 1875, amechelewa miaka 12. Waliozikwa Igoma wamechelewa miaka 133. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri mamlaka ya kutangaza mahali pengine popote penye thamani ya kihistoria kuwa kumbukumbu ya taifa, akachapisha tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Wabunge wa kanda ya ziwa wamuombe waziri afanye hivyo kwa Igoma, kwa Bwisya na kwa Kageye. Mahali pakitangazwa, hakuna wa kuja na ramani ya kituo cha mafuta.

Ipo sheria ya pili inayomhusu kila mwenye kaburi, nayo ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma, tangazo hutolewa ili wenye makaburi wajitokeze. Wakijitokeza hulipwa gharama za haki za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, na hata za tambiko. Ni sheria yenye utu. Ila inamlipa anayejulikana. Tuko katika mji wa miradi: reli ya kisasa inajengwa kutoka Isaka kuja Mwanza, kilomita 341, barabara zinapanuliwa, mabomba yanalazwa. Mradi unaopita penye watu hupita penye makaburi. Siku ya kuonyesha kaburi la baba yako ikifika, kidole na mwembe havitatosha. Ofisa atataka karatasi, na ana haki ya kuitaka, maana wapo pia wanaojitokeza kudai makaburi ambayo si yao.

Lipo na suala la nafasi. Makaburi ya mjini hujaa, nasi hujifanya hatuoni mpaka siku jembe linapogonga jeneza la mtu mwingine. Kinondoni, Dar es Salaam, yamejaa. Lang'ata, Nairobi, yalijaa zamani. Mwaka 2009 baraza la jiji la Nairobi lilinunua ardhi ya makaburi huko Mavoko kwa shilingi za Kenya milioni 283, bei iliyozidi thamani yake mara nyingi, na ardhi yenyewe ilikuwa ya mawe, haichimbiki kaburi la kina. Kesi zikaenda mahakamani, watu waliendelea kuzikwa Lang'ata kwa kubanana. Mwanza ni mji wa mawe kuliko Nairobi. Anayetafuta ardhi ya makaburi hapa aende na sururu kabla ya kwenda na hundi.

Na huwezi kujua makaburi yamejaa lini kama hujui yana watu wangapi. Daftari linarudi hapo tena.

Tunayajua majibu yatakayokuja. La kwanza: wafu hawahitaji daftari, Mungu anawajua. Ni kweli, Mungu anawajua. Tusiowajua ni sisi, na ni sisi tunaochimba juu yao. Dini zote mbili kubwa hapa mjini zinaheshimu mahali pa marehemu. Waislamu wengi hawapendi kaburi lijengewe wala kupambwa, na Wakristo wengi huweka msalaba na saruji. Daftari haligusi imani ya yeyote, halihitaji saruji wala marumaru. Kaburi lisilo na alama yoyote juu yake linaweza kuandikwa vizuri kama lile lenye vigae.

La pili: fedha hakuna, walio hai hawana dawa, zahanati hazitoshi. Tunakubali kwamba walio hai kwanza. Lakini hesabu gharama yenyewe. Hatuombi mnara. Tunaomba kitabu, kalamu, utepe wa kupimia na simu ya mtendaji ambayo tayari anayo. Kibali cha mazishi kinaandikwa, cheti cha kifo RITA, wakala wa usajili, wanakitoa. Marehemu amekwisha kupita katika makaratasi mawili kabla hajafika kaburini. Kinachokosekana ni mstari mmoja: amezikwa wapi.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: mambo ya makaburi si ya kuchezea. Wapo wanaoogopa mtu anayezunguka makaburini na daftari. Kwa mkoa ambao umeona vikongwe wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo, hata makaburi yao yakihofiwa kufukuliwa, hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini dawa yake ni ulinzi na uwazi. Kaburi linalojulikana na serikali ya mtaa, lililo ndani ya uzio na lenye mlinzi, ni salama kuliko lililojificha kwenye majani.

Basi tunasema haya.

Kwanza, Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zifungue daftari la makaburi kwa kila eneo la kuzikia, na nakala ikae ofisi ya kata ambako mwananchi ataweza kuliona bila barua ya mkuu wa idara. Hata kama kumbukumbu zipo mahali, daftari lisilofunguliwa mbele ya mwenye marehemu ni sawa na kutokuwapo. Kila kaburi liwe na namba, jina, tarehe na jina la ndugu. Mazishi mapya yaanze kuandikwa mara moja. Ya zamani yafuatwe polepole, kwa msaada wa wazee, mashekhe, mapadri, wachungaji na wachimba makaburi, watu wanaojua mengi na ambao hatuwaulizi.

Pili, Igoma yaandikwe majina. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwapo. Ya daraja la tatu haikuwahi kuwapo, lakini wazazi, wajane na watoto wao wapo, Mwanza, Bukoba, Kemondo, Ukerewe, na wanazeeka. Kila Mei 21 iwekwe meza pale makaburini, mtu aketi na kalamu, kila aliyepoteza ndugu aje aseme jina. Mwaka wa kwanza yatapatikana machache. Baada ya miaka michache tutakuwa na orodha ambayo wenye meli hawakuwahi kuiandika. Majina yakishahakikiwa yachongwe kwenye jiwe. Mwanza mawe hatujayakosa.

Songea walikwisha kutuonyesha faida yake. Mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, na kuzikwa kaburi la pamoja, wana makumbusho yao pale pale na siku yao kila mwaka. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake, alikuwa na mahali pa kusimama. Kaburi lingekuwa limepotea chini ya soko, radhi ile ingesemewa hotelini.

Tatu, anayeuza kiwanja chenye kaburi alazimike kulitaja katika hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mnunuzi akubali kwa maandishi kwamba ndugu wataruhusiwa kulizuru. Sheria ndogo ya halmashauri inatosha kwa hilo. Mwenyekiti anayegonga muhuri huku anajua kuna kaburi naye aulizwe.

Nne, ardhi ya kuzikia itengwe sasa, ikiwa ingali na bei ya binadamu, na ipimwe udongo wake kabla ya senti kutoka. Mipango miji inatenga shule, soko, kituo cha polisi. Kila atakayesoma shule hiyo na kuuza soko hilo atakufa siku moja.

Na tano ni ya kwetu wenyewe, haingoji bajeti wala baraza la madiwani. Mabatini tuna watu wanaoaminika kwa kalamu. Kila msiba tunawakalisha penye meza ndogo, na hatujasikia wamekosea hata mia. Msiba ujao, wakimaliza kuandika rambirambi, wageuze ukurasa waandike kaburi: jina, siku, makaburi gani, mstari wa ngapi, nani amelala kulia na nani kushoto. Kisha wakishazika, mmoja apeleke nakala kwa mtendaji wa kata na adai muhuri.